Kinyozi Aliyefukuza Wanga Nyumbani

Ndugu zangu, mezani kwa kinyozi huyu palikuwa na raha. Asubuhi palikuwa na chai na viazi vya kuchemsha, watoto wakigombea kipande kikubwa, mama yao akiwatuliza kwa jicho tu. Kinyozi alikuwa na kisukari, lakini alimeza vidonge vyake, akala kwa kiasi, na kazi ikaenda. Mtaani walimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa mtu aliweza kusinzia huku akinyolewa ndevu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mbele wa nyumba. Na mnajua kwa kinyozi kulivyo: kila anayeketi pale ni daktari, hakimu na kocha wa timu ya taifa. Siku moja muuza makochi alimwambia wanga ndio sukari yenyewe. Ukiukata, kisukari kinakimbia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila siku hiyo kinyozi aliazima za mteja.

"Kuanzia leo humu ndani hakuna mkate, wali wala viazi," alimtangazia mkewe. "Hata maharage yana wanga."

"Umemuuliza daktari?"

"Wa kuuliza nini? Adui nimeshamjua."

"Na watoto?"

"Watakula mboga na nyama."

Mkewe alibeba sufuria yake. Alikwenda kupika wali kwa jirani, watoto wakawa wanakula huko kwa kujificha kama wezi. Iliniuma mimi niliyesimuliwa, sembuse yeye aliyewapakulia.

Kinyozi aliendelea na vidonge vilevile, na kosa lilikuwa hapo. Alianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba. Akajifariji kwamba ni uchafu unatoka mwilini.

Asubuhi moja akaja baba mkwe wake, dereva mstaafu, anyolewe kabla ya kwenda harusini. Mzee akaegemea kiti, akainua kidevu, akafumba macho kwa imani. Wembe ulipofika chini ya taya, vidole vya kinyozi viligoma. Damu ikatoka.

"Mwanangu, pumzika kwanza."

"Niko sawa, baba."

Hakuwa sawa, na alijua. Aliogopa kupoteza kazi, aliogopa zaidi kumchinja baba wa mkewe. Aliutupa wembe kando, akaanguka. Mkewe alitoka mbio, akaona bado ana fahamu na anaweza kumeza, akamnywesha chai yenye sukari nyingi. Angekuwa amezimia, asingemtia kitu mdomoni. Mtetemeko ulipopungua, wakampeleka zahanati.

"Dawa yako inashusha sukari," daktari alimweleza. "Ukiimeza huku umeacha wanga, sukari inashuka kupita kiasi, na ubongo unakosa nguvu. Jaza mboga nusu sahani. Robo iwe nyama, samaki au mayai, na robo wanga: viazi, maharage, nafaka isiyokobolewa. Cha kupunguza ni soda, keki na sukari ya kuongeza. Na ukitaka kubadilisha chakula, njoo kwanza tuiangalie dawa."

Mzee, plasta ikiwa shingoni, akakohoa. "Mimi nilikupa binti. Shingo sikukupa."

Wote wakacheka, isipokuwa kinyozi. Alilia kwa aibu, kisha akamwomba mkewe msamaha palepale, mbele ya baba mkwe. Mchana huo watoto walikula wali nyumbani kwao, naye akapakua wake kwa kiasi.

Mkono umetulia, wateja wapo. Lakini hadi leo mzee haketi kwenye kile kiti kabla ya kumtazama mkwewe usoni na kuuliza, "Umekula?"

Funzo

Wanga si adui. Ni nguvu ya mwili. Tuchague ulio bora, tule kwa kiasi, tuuchanganye na mboga. Na anayetumia dawa asibadilishe sahani yake kwa maneno ya barazani. Akikosea, hataumia peke yake: kuna wanaomtegemea, na kuna waliomwinulia shingo wakiwa wamefumba macho.