Sweta Jekundu Lililopauka

Mboni alikuwa na sweta jekundu. Jekundu kabisa, kama nyanya iliyosahauliwa shambani.

Lilikuwa sweta la shule. Mboni ameanza shule ya awali. Meno ya mbele hana, lakini kujidai anako.

Mboni alikuwa pia na mdogo wake, Shekue. Shekue hana kazi. Ananyonya, anatoa udenda, analala. Na kila mtu anamsifu.

"Mwanangu kapiga chafya! Mashallah!" anasema Mama.

"Hata mimi nimepiga chafya," anasema Mboni.

"Basi kafute kamasi," anasema Bibi.

Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya Shekue. Mama aliichapa siku ya arobaini yake, printa ilipokuwa mpya. Kofia nyekundu! Mashavu yanang'aa!

Pembeni ya picha kulikuwa na msumari mtupu. Huo ulikuwa msumari wa Mboni.

Mboni aliununia msumari. Msumari haukujali.

Na printa je? Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua. Tangu ile arobaini, hakuna aliyeigusa.

"Isiguswe," alisema Mama. "Itachakaa."

Ijumaa moja, Mama akakiondoa kitambaa. "Leo zamu yako, Mboni. Kaa sawa. Cheka."

Mboni akacheka, mapengo yote nje. Mama akampiga picha kwa simu. Halafu akawasha printa.

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, tsss!

Picha ikatoka. Mboni akaitazama. Sweta lilikuwa kama chai iliyozidi maji. Uso ulikuwa wa kijani, kama ndizi mbichi.

"Huyu nani?" akauliza Mboni.

"Ni wewe," akasema Mama.

"Basi apelekwe hospitali," akasema Bibi.

Mboni akapiga mguu chini, pu!

"Shekue amekolea! Mimi nimepauka! Printa inampenda Shekue!"

"Printa haina moyo," akasema Bibi. "Ina waya."

Mama akatazama wino. Wino upo. Akatazama karatasi. Haikuwekwa kichwa chini miguu juu.

"Karatasi ya picha imebaki moja," akasema. "Nijaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida."

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, tsss!

Lo! Sweta limepauka vilevile.

Mara Shekue akalia, ngaa! Mama akaenda kumnyonyesha.

Hapo wivu ukampanda Mboni, kama maziwa jikoni. Ukapanda, ukapanda, ukamwagika.

Mboni akapanda kiti. Akaishusha picha ya Shekue. Akalamba kidole. Akaisugua ile kofia nyekundu.

Suu, suu, suu.

"Na wewe upauke," akanong'ona.

Kofia ikachujuka. Rangi ikateremka mpaka puani. Shekue wa kwenye picha akawa kama aliyeangukia mchuzi.

"Mboni!" Bibi alikuwa mlangoni. "Kidole hicho kimefanya nini?"

"Hakijafanya kitu."

"Ala! Kimeiva chenyewe, kama pilipili?"

Mama akaja na Shekue mbavuni. Akaitazama picha. Akakitazama kidole.

Mboni akaangalia vidole vya miguu yake.

"Nilitaka apauke na yeye," akasema. "Tufanane."

Mama akakishika kidole chekundu. Akakigeuza huku na huku.

"Hebu," akasema polepole. "Wino huu ulikauka tangu arobaini. Mate kidogo tu, umelainika."

Akamgeukia Bibi. Akaigeukia printa. Akaifungua, akatoa kikasha cha wino.

Chini ya kikasha kulikuwa na vitundu vidogo, vidogo kuliko ncha ya sindano. Juu yake wino umeganda, kama ukoko wa wali.

"Vitundu vimeziba!" akasema Mama. "Wino upo, ila mwekundu haupati njia."

"Mmeifunika kama bibi harusi," akasema Bibi. "Bomba lisilofunguliwa hushika kutu."

Mama akaleta maji ya vuguvugu na kitambaa laini.

"Wewe fundi wa kusugua, njoo," akamwambia Mboni. "Bonyeza hapa, taratibu. Na mate yako baki nayo mdomoni."

Mboni akakibonyeza kikasha juu ya kitambaa kilicholowa. Akangoja. Akainua.

Nukta ya njano. Nukta ya bluu. Na nukta nyekundu, ndogo, ndooogo!

Mama akarudisha kikasha. Akabonyeza kitufe cha kusafisha. Printa ikakohoa.

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, tsss!

Ikatoka mistari. Njano mzima. Bluu mzima. Mwekundu umekatikakatika.

"Tena," akasema Bibi.

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, tsss!

Mwekundu mzima!

"Sasa picha yangu!" Mboni akaruka.

"Karatasi ni moja," akasema Mama. "Na mwenzio umemmwagia mchuzi usoni."

Mboni akamtazama Shekue. Shekue akamcheka. Na yeye hana meno. Akalishika sweta jekundu, akalitia udenda.

Mboni akafikiri. Akanuna kidogo. Akafikiri tena.

"Mlete nimpakate," akasema. "Lakini mimi ndiye nikae katikati."

Mama akamvalisha Shekue kofia yake nyekundu. Akampakatisha Mboni. Akainua simu. Shekue akavuta sikio la dada yake, vuup!

"Aaa!" akalia Mboni, na picha ikapigwa hapo hapo.

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, tsss!

Sweta jekundu! Kofia nyekundu! Sikio nalo, jekundu!

Mama akaitundika kwenye msumari wa Mboni. Ile ya mchuzi haikurudi ukutani.

"Sasa msumari wa Shekue ndio mtupu," akasema Mboni.

"Huo ni wangu," akasema Bibi. "Ijumaa ijayo najipamba. Printa isilale njaa tena."

Na kile kitambaa cha maua? Alikuwa nacho Shekue, anakitafuna.

Usiku Mboni akalala kando ya mdogo wake. Akamvutia shuka. Akasema, "Shekue amekolea. Mimi nimekolea."

Akainama sikioni mwake. "Lakini mimi zaidi."

"Nimesikia!" akasema Bibi. "Lala!"

Mboni akalala. Shekue akakoroma.

Kwii-kwaa... kwii-kwaa... tsss.