Barua za Ijumaa na Namba ya Toleo

Kwa jina la Mola Mpaji tunaanza, tukimwomba kauli iliyo wazi.

Nyumbani walikuwa wawili: Mama, ambaye nuru ya macho ilimtoka uzeeni, na bintiye, mwalimu wa hesabu. Baba, mpiga chapa, alikwisha kutangulia mbele ya haki. Jirani yao, Mama Mitambo, alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini ya kutunza kompyuta za hospitali.

Baba alijifunza kuandika programu akiwa na mvi. Katika mwaka wake wa mwisho alimrekodia mkewe barua sitini za sauti, akazifunga kwa programu yake mwenyewe aliyoitunga miaka ya nyuma. Kila Ijumaa alasiri ilifunguka moja tu. "Nikikupa zote utazimaliza siku moja," alimwambia. "Nakujua." Basi kila Ijumaa Mama alivuta kiti na kutega sikio, na kikohozi kidogo cha mumewe kikamrudishia karakana yao, harufu ya wino na karatasi mbichi.

Mwezi ule Binti alinunua kompyuta mpya. Akahamisha programu na barua, akaweka vifurushi vyote ambavyo programu inavihitaji, vya matoleo mapya kabisa, akidhani kipya ndicho bora. Kompyuta ya zamani akaifuta, akaigawa. Ijumaa ilipofika, programu ilitoa mstari mmoja wa kosa, ikanyamaza.

"Amechelewa leo," alisema Mama.

"Kuna hitilafu kidogo, Mama."

"Kidogo kiasi gani? Zimebaki arobaini na moja."

Binti alikwenda kumwita Mama Mitambo, naye akaja akipekua mkoba.

"Miwani iko kichwani, Shangazi."

"Iache ipumzike, imefanya kazi sana." Akaishusha, akasoma lile kosa. "Kwanza nakili barua zote mahali pengine. Hatufanyii majaribio nakala ya pekee. Sasa sikiliza, mwanangu. Programu hii haikuandikwa yote na baba yako. Kazi ya kufunga na kufungua aliiachia kifurushi, yaani programu ndogo iliyotungwa na watu wengine. Programu yake inakitegemea."

"Nimekiweka. Jina ni lilelile."

"Jina lilelile, toleo jingine. Watunzi wake hukibadilisha kila mara, na hili jipya limeacha njia ya zamani ya kufungia. Baba yako aliandika jina la kifurushi, namba ya toleo hakuiandika. Mpiga chapa mzima, asahau namba ya toleo!"

"Usimseme mume wangu," alisema Mama. "Hayupo wa kujitetea."

"Basi mtetee wewe. Programu hii aliimaliza lini?"

Mama hakufikiri sana. "Siku tatu baada ya huyu kwenda chuoni. Nyumba ilikuwa kimya, hakujua la kufanya na mikono yake. Akaja jikoni akaniambia, imekubali. Akanishika mkono, nami nina unga hadi kiwikoni."

Tarehe ya kwenda chuoni Binti aliijua kama jina lake. Vifurushi vilikuwa vinne. Kwa kila kimoja walitafuta toleo lililokuwa likitumika siku ile, wakavitengea mahali pake, visichanganyike na vya programu nyingine. Kisha Binti akabonyeza.

Kikasikika kile kikohozi.

"Bibi yangu, leo sina habari," ilisema sauti. "Nimekaa kwenye kiti chako, na chai yako nimeinywa. Miaka yote ile ni mimi niliyekuwa nikiimaliza."

"Nami nikimsingizia huyu," alisema Mama, akicheka huku machozi yakimtoka. Alimpapasa bintiye begani. "Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake Binti aliandika faili lenye jina la kila kifurushi na namba ya toleo lake, akalihifadhi pamoja na programu. Tangu hapo, akitaka toleo jipya, hujaribu kwenye nakala, kifurushi kimoja kimoja. Na hakuna Ijumaa iliyopita kimya tena.

Mola amrehemu aliyetangulia, na waliobaki awajaalie afya, subira, na mtu wa kuketi naye alasiri.