Kende moja ya Élisée ilienda wapi?

Nitabaambia kitu, na muko na ruhusa ya kusema ni bongo, ni uongo tu. Hapa Mususa, mu Butembo, ku parsele, ni kusema kiwanja, ya jirani yangu Zorobabel, kende ya mutoto ilipotea asubui saa kumi na mbili. Mbele ya saa moja, mutu alikuwa karibu kuuawa juu yake!

Zorobabel na bibi yake Mariette beko na mutoto wa myaka mbili, Élisée. Siku ile balikuwa na mugeni aliyelala kwabo, Delphin, rafiki yabo mwenye kukaa na kuuzisha ndizi kule Mbau. Asubui Delphin alibeba Élisée, bakacheza. Mvua ilikuwa inanyesha. Baridi ya Butembo, ile ya kuingia mupaka mu mifupa!

Kiisha Mariette akavua mutoto pantalon, juu alikuwa ameloana. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Zoro! Kuja! Kende iko moja!"

"Moja namna gani? Jana zilikuwa mbili."

"Njo nakuambia! Nani alimushika asubui hii?"

Bote bakageukia Delphin.

Munajua vile banasemaka: mutu anakugusa tu, kitu yako ya mwanaume inapotea. Mariette akapiga makelele: "Mulozi! Ameiba kende ya mutoto wangu!" Dakika tano, parsele ikajaa batu. Mutu moja akafunga Delphin mikono na kamba. Kijana mwengine akaleta bidon ya petroli. Na mimi? Nilishamupiga foto. Nilikuwa naandika mu grupu ya WhatsApp: "Mulozi huyu hapa."

"Muangalie mu mifuko yangu!" Delphin analia. "Kende ya mutoto, mimi nitaiweka wapi?"

Pale njo Virginie akatokea, munganga wa kuzalisha, mwenye kuishi parsele ya nyuma.

"Mupishe! Nani ameacha mutoto uchi mu hii baridi? Mariette, leta beseni na maji ya moto kidogo."

"Munganga, hii ni saa ya kuogesha?" kijana wa bidon akauliza.

"Ni saa ya kusoma, mudogo wangu. Weka ile kitu chini."

Akaketisha Élisée mu maji. Akasema na sauti ya nguvu:

"Mwanaume eko na makende mbili, mu mufuko inje ya tumbo. Juu ya nini inje? Kende njo inatengenezaka mbegu ya mwanaume, na ile kazi inaomba baridi kidogo. Lakini baridi ikizidi, kuko kanyama kama kamba, kanavuta kende juu, karibu na tumbo, itafute joto. Ku batoto inaweza kupanda mupaka isionekane."

"Na siye banamuke?" Mariette akauliza polepole.

"Siye tuko na overe mbili, mule munakaaka mayai yetu. Zeye zinabakia ndani ya tumbo, moja kila upande wa nyumba ya mutoto. Joto haizisumbue. Na hakuna mukono wa mutu unaweza kuiba kende ao overe."

Élisée anapiga maji, anacheka. Virginie akamugusa polepole.

"Mariette, hesabu."

"Moja... Yesu! Mbili!"

Kijana akakamata bidon yake, akaenda bila kuaga. Mimi nikafuta foto na message yote.

"Hapana kuvuta, hapana kukanda," Virginie akasema. "Kama mu maji ya moto kidogo kende haishuke hata mara moja, mupeleke ku hopitali. Ku mutoto muchanga, miezi sita ikifika na kende haijashuka, hapana ngojea. Banganga bako na namna ya kuishusha."

"Wasingya, aksanti munganga," Mariette akajibu.

Zorobabel akafungua kamba, kichwa chini. Mariette akavalisha mutoto, akaenda mupaka mbele ya Delphin.

"Nilikukosea, ndugu yangu. Nisamehe." Akamunyooshea Élisée. "Mukamate."

Delphin akaangalia alama ya kamba ku mikono yake. Kiisha akamukamata, mutoto akamukumbatia ku shingo, batu bakapiga makofi!

Na weye, kama ungekuwa Delphin? Ungemukamata, ao ungeshika njia ya Mbau?