Modi Iliyokaa Juu Kabisa

Kila asubuhi Fundi Rangi hufungua dirisha la sebuleni, hunywa kikombe kimoja cha chai, kisha humwagilia maua ya mkewe. Akimaliza hukaa mezani mbele ya kompyuta. Mkewe huwaambia majirani kwamba mume wake ameenda shamba. Shamba lenyewe liko ndani ya kioo, na mkulima huvaa kandambili.

Fundi alipaka rangi nyumba za watu kwa miaka thelathini. Halafu goti lake la kulia likagoma kupanda ngazi. Daktari akamwambia ngazi sasa basi. Mwaka huohuo binti yao wa pekee alipata kazi nchi ya mbali. Kabla ya kuondoka alimwachia baba yake kompyuta yake ya zamani, na ndani yake kulikuwa na gemu ya kijiji. Katika gemu hiyo mtu hujenga, hulima na hufuga. Goti haliumi.

Fundi ni mtu wa maneno machache. Kwenye simu yeye na binti yake huulizana hali, huulizana kazi, na maneno yanaishia hapo. Lakini kila Jumapili mchana binti huingia kijijini kwa njia ya mtandao. Hapo ndipo wanapozungumza. Hubishana ng'ombe walale wapi. Hucheka daraja linapojengwa upande. Kwa miaka miwili wamejenga nyumba kumi na nne, kisima na kinu, na kwa miaka miwili Fundi amekuwa akiingoja Jumapili.

Gemu hiyo huongezewa vitu. Watu wanaoipenda hutengeneza vipande vidogo vya programu na kuwagawia wenzao mtandaoni. Vipande hivyo huitwa modi. Modi moja huleta mbuzi, nyingine huleta mvua, nyingine hubadilisha sura ya kuta. Fundi alikuwa na modi arobaini na nane. Kwa mambo ya modi mzee huyu hakuwa na breki.

Miezi miwili iliyopita binti yake alimtumia modi aliyoitengeneza kwa mkono wake. Alimwambia asiulize ina nini, aiweke tu, ataona mwenyewe. Fundi aliiweka. Akazunguka kijiji kizima na hakuona kitu kipya. Alichungulia mpaka kisimani. Jumapili ilipofika aliona aibu kusema kwamba hakuona kitu, kwa hiyo akasema ni nzuri. Binti akamuuliza amependa sehemu gani. Fundi akajibu, "Yote."

Tangu siku hiyo binti alipoa. Alikuwa akiingia, analisha kuku, anaaga. Fundi alijua kwamba ameharibu kitu, na jambo hilo lilimkosesha raha. Aliogopa kwamba siku moja binti ataacha kuja kabisa.

Basi Jumatano moja Fundi akaongeza modi mpya ya mvua. Alitaka kumfurahisha binti yake kwa mvua yenye radi. Alhamisi asubuhi aliwasha gemu. Kioo kikawa cheusi, kisha gemu ikajifunga. Akawasha tena, ikajifunga tena. Alirudia mara sita, na kila mara aliinama mbele zaidi, mpaka pua ilikaribia kugusa kioo.

Mkewe alitoka jikoni akamkuta ameshika tama.

"Nafuta kila kitu," Fundi alisema. "Gemu, modi, vyote. Nitaanza upya."

"Na kijiji chenu?"

Fundi alianza kutafuta kitufe cha kufuta. Mkewe alifuta mikono kwenye kanga, akatoka, na baada ya dakika chache akarudi na Mama Fyuzi.

Mama Fyuzi ni fundi umeme. Anakaa nyumba ya pili, na siku hiyo hakuwa na kazi mpaka alasiri. Jina lake hilo alipewa na mtaa mzima kwa sababu hata harusini huenda na bisibisi kwenye mkoba. Wachache tu ndio wanaojua kwamba yeye pia hucheza gemu, zile za magari, na kwamba modi zake ni nyingi kuliko za Fundi.

Alipiga hodi ingawa alikuwa ameshaingia. Akavuta kiti.

"Fundi mwenzangu, umefuta nini mpaka sasa?"

"Bado. Nilikuwa ndiyo naanza."

"Mshukuru mkeo. Toa mkono kwenye hiyo kompyuta."

Kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa flashi. Alimwonyesha Fundi folda ambamo gemu huweka kijiji, wakainakili folda yote kwenye flashi. Alieleza kwamba kabla ya kugusa chochote, mtu hutunza nakala ya kile asichotaka kukipoteza. Kisha akaeleza hatari nyingine ambayo Fundi hakuijua. Ukizima modi ukafungua kijiji chako halisi, halafu ukahifadhi, gemu huweza kufuta kila kilichotoka kwenye modi hizo. Kinu kilitoka kwenye modi. Daraja pia. Fundi alisukuma kiti nyuma kidogo.

"Kwa hiyo leo kijiji chenu hatukigusi," Mama Fyuzi alisema. "Tunataka kujua kitu kimoja tu, gemu inafunguka au haifunguki."

Fundi alitaka kuzima modi moja, kujaribu, kuzima nyingine, kujaribu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mama Fyuzi alicheka. Alisema kwa mwendo huo watakula chakula cha mchana na cha jioni wakiwa hapohapo. Nyumba ikiwa na hitilafu ya umeme, yeye hafungui kila soketi. Hukata nusu ya nyumba kwanza. Hitilafu ikibaki, iko kwenye nusu inayowaka. Ikiondoka, iko kwenye nusu aliyoikata.

Walianza na modi mbili alizoziita za msingi. Modi nyingine nyingi huzitegemea hizo, na bila hizo hukataa kufanya kazi hata kama hazina kosa. Hizo mbili waliziacha zikiwaka muda wote. Zilizobaki wakazigawa mafungu mawili. Mke wa Fundi alichukua daftari lake la mapishi, akageuza ukurasa wa nyuma, akawa karani. Kila walichozima alikiandika, na kila walichowasha alikiandika.

Fungu la pili likazimwa, la kwanza likabaki. Gemu ikajifunga. Basi tatizo lilikuwa kwenye fungu la kwanza. Wakaligawa tena. Nusu moja ilifunguka vizuri, nyingine ikajifunga. Wakaigawa hiyo iliyojifunga, na nusu yake iliyojifunga wakaigawa tena. Chai aliyowamiminia mke wa Fundi ilikuwa bado ya moto zilipobaki modi tatu tu: ile mpya ya mvua, moja ya zamani ya hali ya hewa, na moja ya bata.

Waliwazima bata. Gemu ikajifunga. Wakawarudisha bata, wakazima mvua mpya. Gemu ikafunguka, na muziki wake ukajaa sebuleni.

"Nilijua," Fundi alisema. "Hiyo mvua ni mbovu. Naitupa."

"Ngoja kidogo. Washa mvua, zima ile ya hali ya hewa."

Fundi akafanya hivyo bila kuamini. Gemu ikafunguka tena.

Akakuna kichwa. Mama Fyuzi akamweleza taratibu. Hakuna modi mbovu kati ya hizo mbili. Kila moja inataka kuliongoza anga lilelile. Ikiwa peke yake inafanya kazi vizuri. Zikikutana zinagombana, na gemu haijui imsikilize nani, kwa hiyo inaanguka. Wakati mwingine watengenezaji hutoa kiraka, yaani modi ndogo ya kuzipatanisha. Kama kiraka hakipo, mtu huchagua moja.

Mke wa Fundi muda huo alikuwa anasogeza mshale wa kompyuta kwenye folda. Akauliza hiyo faili ndefu ya maandishi ni ya nini. Mama Fyuzi aliinama kuitazama, kisha akajipiga kofi pajani. Ilikuwa kumbukumbu ya gemu. Kila inapoanguka, gemu huandika humo ilikuwa inafanya nini. Wakasoma mistari ya mwisho. Jina la modi ya mvua lilikuwepo, na chini yake la hali ya hewa.

"Hapa ndipo nilipaswa kuanzia," Mama Fyuzi alikiri. "Nimejitia ujuzi. Dada, andika hilo kwa herufi kubwa."

Dada akaandika, na meno yote yalikuwa nje.

Fundi aliamua kubaki na hali ya hewa ya zamani. Jumapili ingefika na kijiji kingekuwepo, na hilo lilimtosha. Lakini Mama Fyuzi hakuinuka. Alikuwa anatazama orodha ya modi.

"Hii orodha umeipangaje?"

"Kwa heshima," Fundi alijibu. "Ya binti yangu iko juu kabisa. Zinafuata nizipendazo. Zile za kubahatisha ziko chini. Ya mwisho kabisa ni hii ya kuta za matofali. Niliiweka tu ili kuta zisiwe tupu."

Mama Fyuzi akaweka kikombe chini. Aliongea polepole, maana aliona jambo hili ni la mzee mwenyewe na linahitaji uangalifu. Katika gemu hii, alisema, modi husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya juu husomwa kwanza. Inayofuata ikigusa kitu kilekile, huifunika. Kwa hiyo ya mwisho ndiyo inayoonekana. Gemu nyingine zina utaratibu wake, ndiyo maana mtu husoma maelezo kwanza, lakini hii ndivyo ilivyo.

Fundi aliitazama orodha kutoka juu mpaka chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kama rangi."

"Kama rangi, kaka."

"Miaka thelathini nimewaambia watu kwamba rangi inayoonekana ni ya mwisho kupakwa. Halafu mimi..."

Modi ya binti yake ilikuwa ya kwanza kusomwa, na ile ya matofali ilipita juu yake na kuifunika. Kwa miezi miwili aliipa kiti cha mbele, na kiti hicho ndicho kilichoificha.

Aliishusha modi ya binti yake mpaka chini kabisa, chini ya matofali. Mama Fyuzi akamkumbusha kwamba nakala ya kijiji ipo kwenye flashi, na kwamba modi zote zimewashwa isipokuwa ile ya mvua. Sasa angeweza kukifungua. Fundi akakifungua.

Nyumba yake ya kijijini ilitokea mbele yake, lakini ukuta wa mbele haukuwa na matofali. Ulikuwa wa bluu. Fundi aliijua bluu hiyo, maana aliichanganya mwenyewe zamani kwa ajili ya chumba cha mtoto. Katikati ya ukuta kulikuwa na picha. Mwanamume alikuwa juu ya ngazi ndefu, brashi mkononi. Chini ya ngazi alisimama msichana mdogo ameshika kopo la rangi.

Mke wa Fundi aliweka mkono begani kwa mumewe. Mama Fyuzi alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufanya, akabeba mkoba wake, akaaga kwa kunong'ona.

Kilichomuuma Fundi zaidi kilikuwa hiki. Modi hiyo ilikuwa pia kwenye kompyuta ya binti, na huko haikufunikwa na kitu. Kila Jumapili wawili hao walisimama mbele ya ukuta huohuo. Binti alikuwa anaiona picha. Baba alikuwa anaona matofali, na anazungumza habari za kuku.

Jumapili mchana binti aliingia. Akaelekea bandani.

"Mwanangu, acha kuku kwanza," Fundi alisema kwenye maikrofoni. "Njoo hapa ukutani."

Akaja, akasimama.

"Nilikudanganya. Nilisema nimeipenda modi yako, na nilikuwa sijaiona. Niliipanga vibaya, ikafunikwa. Niliona aibu kukuambia kwamba sioni kitu. Nimeiona Alhamisi."

Kisha sauti ya binti ikaja, nzito kidogo.

"Baba, mimi nilidhani imekukera. Kwa sababu ya ngazi. Nilidhani nimekukumbusha mambo ya goti."

"Haijanikera hata kidogo."

Akamweleza yote, na binti akauliza maswali, maana modi zake mwenyewe hazijawahi kupangwa na gemu yake huganda mara kwa mara. Fundi alivaa miwani, akafungua daftari la mapishi kwa nyuma. Alimwambia anakili kwanza, asome kumbukumbu ya gemu, aguse kitu kimoja kwa wakati na aandike alichokigusa. Walifanya hivyo pamoja kwa saa nzima. Mkewe alipita mara mbili kuhakikisha kwamba anayeongea hivyo ni mume wake. Siku hizi gemu hazigandi, si kwa baba wala kwa binti.

Jumapili hiyo walipomaliza, walirudi kusimama mbele ya ukuta.

"Huyu msichana ameshika kopo kwa mikono miwili," Fundi alisema. "Ulikuwa unalishika hivyo hivyo. Hukutaka limwagike."

"Ulisema likimwagika hutanichukua tena kazini."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, Baba."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nilisema tu," alimwambia. "Ningekuchukua hata ungelimwaga lote."