Kinywa cha Kisogoni

Shangazi yangu si mtu wa kutia chumvi. Amefundisha fasihi maisha yake yote, na mwanafunzi akianza kumzungusha kwa maneno humwambia, "Fupisha, mwanangu. Uongo ndio unaohitaji nafasi kubwa." Ndiyo maana alipotusimulia haya, hakuna aliyethubutu kucheka.

Ijumaa hiyo alikuwa darasani akifundisha visasili na mighani. Aliwasimulia wanafunzi habari ya zimwi lenye vinywa viwili, kimoja usoni na kingine kisogoni, lililowameza watu wa kwanza na kutapika milima. Hicho, alisema, ni kisasili: kinaeleza dunia ilivyopata kuwa, na hakuna aliyekuwepo kuona. Kisha akawasimulia habari ya mwanamke mhunzi aliyelilaza zimwi kifudifudi na kulipigilia misumari mwambani. Kinywa cha kisogoni kilikataa kutulia. Basi mhunzi akakilisha mkono wake wa kushoto, na wakati kinautafuna, akagonga msumari wa mwisho kwa mkono wa kulia.

"Hiyo ni mighani," alisema. "Mighani ina mtu, tena ina mahali. Ukiuliza sana, utapelekwa uonyeshwe."

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Lakini Mwalimu, si zimwi ni lile lile? Tuliweke upande gani?"

Kengele ikamwokoa.

Kesho yake baba mdogo, ambaye ndiye anayemfuata shangazi kwa kuzaliwa, alimpigia simu kutoka machimbo ya mawe alikokuwa msimamizi. Baruti ya asubuhi ilikuwa imebomoa ukuta wa mwamba, na nyuma yake kumetokea chumba.

"Dada, njoo uone. Hili ni la kwako, si la kwangu."

Alifika jua likiwa utosini. Mashine ya kusaga kokoto ilikuwa imezimwa. Wapasua mawe walisimama mbali, nyundo mabegani, vumbi jeupe limewapaka hadi kwenye kope. Aliyekuwa karibu na shimo ni dereva wa tingatinga peke yake, mtu mnene waliyemwita Bonge, akitania kwamba mzimu ukitoka ataupa koleo, maana wenzake wote wavivu.

Ndani mlikuwa na kitu kimelala kifudifudi. Kikubwa kama ng'ombe wawili, ngozi rangi ya mwamba. Mabega, nyonga na viganja vilikuwa vimepigiliwa misumari ya chuma. Msumari mmoja ulisimama katikati ya kisogo. Bonge alikwisha kuufunga mnyororo, ncha ya pili ikiwa kwenye tingatinga.

Shangazi alipiga magoti achungulie. Kando ya ule msumari, kutoka kwenye kisogo, ulichomoza mfupa wa bega la binadamu. Bega la kushoto.

"Mwambie asivute," alinong'ona.

"Nini, dada?"

"Asivute. Hapa ndipo penyewe."

Baba mdogo alipiga kelele na kupunga mikono. Lakini Bonge alikwisha kuwasha tingatinga, na ngurumo ikameza kila neno.

Msumari ulitoka kwa mlio wa gego linalong'olewa.

Bonge akazima, akashuka, akainama kufungua mnyororo.

Kisogo kikapiga mwayo.

Kilimnyaka kiunoni. Hakupata hata nafasi ya kulia. Miguu yake ilibaki imesimama, ikapiga hatua moja, ikaanguka.

Watu wakatimua mbio. Msumari wa kiganja ukachomoka. Mkono ukatoka shimoni, ukamnasa mpasua mawe mmoja kifundoni, ukambamiza mwambani. Tena. Na tena. Mpaka hakuwa na sura.

Baba mdogo alichukua nyundo. Shangazi aliokota msumari, mnyororo ungali unaning'inia. Walipanda juu ya mgongo ule, nao ulikuwa wa moto. Chini yao bega lilikuwa likijinasua, chuma kikilia. Kinywa kilifunguka na kujifunga, kilifunguka na kujifunga. Msumari haukupata pa kukaa.

Baba mdogo alimtazama dada yake. Hadithi ile walisimuliwa wote, kitanda kimoja, shuka moja.

"Utagonga?" aliuliza.

"Usifanye hivyo, mdogo wangu."

"Dada. Utagonga?"

Akampa nyundo. Akaingiza mkono wa kushoto, hadi begani.

Shangazi alisikia mifupa. Akagonga. Damu ikamrukia machoni. Akagonga. Baba mdogo alipiga ukelele, kisha ukelele ukakatika. Akaendelea kugonga hivyo hivyo, bila kuona, mpaka mgongo ule ukapoa chini ya magoti yake.

Mkono haukutoka.

Alimkokota ndugu yake nje, wakarudi wawili watatu wenye moyo, wakalipua baruti yote iliyobaki. Mwamba ukashuka ukafunika. Ripoti ilisema mawe yaliporomoka. Jeneza la Bonge lilibebwa na watu wawili tu, na wote waliobeba walijua kwa nini.

Baba mdogo alipona. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," husema, na hucheka peke yake. Siku hizi watoto wa mtaani husimulia kwamba shangazi alikuwa na urefu wa mnazi na alitema moto. Nilimuuliza kwa nini hawasahihishi.

"Ndivyo inavyokwenda," alisema. "Kwanza kuna mtu na mahali. Watu wakisahauliwa, hubaki zimwi."

Ningeishia hapo. Lakini mwezi uliopita, kwenye sakafu ya saruji nyumbani kwa baba mdogo, iliyomwagwa kabla hajaoa, palitokea uvimbe. Nimeuona kwa macho yangu. Ni kiganja cha kushoto, kimesukumwa kutoka chini, kidole cha mwisho kimepinda kama kilivyopinda cha baba mdogo tangu kuzaliwa. Saruji haina hata ufa.

Baba mdogo aliutazama, akavuta kabati la vyombo akalisimamisha juu yake.

Asubuhi kabati lilikuwa pale pale. Kiganja kilikuwa mbele yake, katikati ya chumba, vidole vimeelekea mlango wa wanawe.