Kizibo cha Vällingby

Vigae vya sebuleni vilikuwa vya moto mahali pawili tu. Gaudiose alipapasa kwa kiganja, akadhani ni mabomba, maana nyumba yao ya Vällingby, kitongoji cha Stockholm, ilipashwa joto na maji ya moto yaliyopita chini ya sakafu. Kesho yake pale pawili palikuwa pamesogea. Palikuwa na umbo la nyayo, na vidole vilielekea chumba cha mtoto.

Fundi bomba alipima akasema hakuna kasoro. Mumewe Térence akaleta mchungaji kutoka Rissne, ambaye aliomba hadi jasho likamtoka. Nyayo zilimsubiri amalize, zikaendelea na safari yao. Nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mwishowe binti yao Annick, bado wa chekechea, akaamka unyayo wake umejaa malengelenge, akasema kwa Kiswidi kama alivyozoea kuwajibu:

"Han säger att huset är hans." Anasema nyumba ni yake.

Siku hiyohiyo walimpeleka kwa shangazi yake, huko Hallunda. Térence akanong'ona kwamba wauze, wakapange hukohuko, kuliko kumzika mtoto. Maneno ya busara, na Gaudiose aliyachukia. Alifukuzwa Bujumbura akiwa mdogo, akahamishwa kambi hadi kambi Tanzania, na hii ndiyo nyumba ya kwanza ambayo hakuna aliyeweza kumwambia fungasha. Leo afungashe kwa ajili ya kiumbe kisicho hata na jina mlangoni?

"Sihami," alisema. "Na mwanangu anarudi hapa."

Akamwita Owuor, Mkenya fundi wa sakafu, amtafutie kitu cha kufunika vigae vya nyumba nzima. Owuor alikuja alasiri, saa ambayo Stockholm ya Desemba imeshakata tamaa na jua, akaweka vipande viwili mezani.

"Hii ni kork, mama. Ni laini kwa mguu. Kama una joto chini ya sakafu, chukua hii nyembamba, joto lipite. Hiyo nene wacha, itabana moto wote chini."

"Kork ndiyo nini?"

"Ni gome la mti. Si ni ile wanazibia chupa? Kizibo."

Chini ya vigae kitu kikagonga, mara moja, kwa nguvu. Glasi zikalia kabatini.

Gaudiose aliogopa. Lakini kambini alikua na majirani waliojua hadithi za majini, na kila aliyesikia hadithi hizo anajua jini hufungiwa wapi, na chupa huzibwa na nini. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa. Na kinachokitia hofu hicho kikulacho kilikuwa pale mezani.

"Nataka nene," akasema.

Owuor akamwonya kuwa mabomba yote yatakuwa kazi bure. Akajibu kwamba hilo ndilo alitakalo.

Kazi ilipoanza sakafu ilichemka, gundi ikafuka kabla haijapakwa, na kadiri kork ilivyosonga kutoka ukutani kwenda katikati ndivyo nyayo zilivyokimbia huku na huku zikitafuta pa kutokea, na kukwaruza kukawa kilio, na kilio kikawa sauti ya marehemu mama yake Gaudiose ikimwita kwa jina la utotoni, ikimsihi afungue kidogo tu, anaungua, mwanangu, anaungua, hata Owuor akatupa mwiko akakimbilia gari lake. Kipande cha mwisho Gaudiose alikibandika mwenyewe, akilia, akakikalia hadi gundi ikakauka. Kisha akazima joto la sakafu lote.

Annick akarudi. Wakanunua vipasha joto vya ukutani, Térence akanung'unika kwamba nyumba ni ya baridi, mtoto akakimbia peku asubuhi hadi jioni.

Januari, theluji ikiwa imefikia dirisha, Gaudiose alikuwa peke yake jikoni akikata vitunguu. Sauti ikatoka chini ya miguu yake, nyembamba, haina tena hasira.

"Mama. Nasikia baridi."

Moyo ulimuuma, kwa kweli. Alikumbuka majira yake ya kwanza ya baridi nchini humu, alivyolia kwenye kituo cha basi na viatu vya kitambaa. Akaweka kisu chini.

"Utazoea," akaiambia sakafu. "Hapa sote tulizoea."