Nani Alimtoa Fundi?

Jumatatu ile duka la dawa lilijaa utadhani mji mzima umeamka na homa. Karani wa klabu alikuwa wa nne kwenye foleni, ndani ya gauni la bluu ambalo pasi ilipita upande mmoja tu, na usingizi wa siku mbili umemkaa machoni. Alikuja kuchukua dawa ya presha ya baba yake. Presha yenyewe ilipanda Jumamosi dakika ya sitini na nane, na hapo dukani hapakuwa na haja ya kumweleza mtu ni kwa nini.

"Mtu anaongoza bao moja," muuza dawa alikuwa anasema huku akipanga vidonge, "anamtoa Fundi. Fundi! Aliyefunga hilo bao! Halafu anamwacha uwanjani beki anayechechemea. Hebu niambieni, kile kichwa kina akili au matope?"

"Matope," foleni ikajibu.

"Mechi ya pili tu ya msimu, tayari tunalia."

Karani aliapa kwamba hafungui mdomo. Aliapa hivyo hivyo Jumamosi jioni mbele ya baba yake, na Jumapili asubuhi mbele ya mama yake mdogo, na mara zote mbili kiapo hakikumaliza dakika tano.

"Kocha ana sababu zake," alisema. "Nyie mnaangalia dakika tisini, yeye anaangalia msimu mzima. Pengine Fundi alichoka. Pengine alitaka kuziba katikati. Si kila mbinu mtangaziwe."

"Kaziba nini na tumepigwa mawili?" aliuliza mama mmoja mwenye kikapu, na duka zima likaangua kicheko.

"Dada, kwani wewe ni nani yake?" muuza dawa akamtania.

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kile Karani angekitambua hata katikati ya uwanja uliojaa. Aligeuka, akaona kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, koti la mvua siku isiyo na wingu, na ndevu za siku tatu. Ni Kocha mwenyewe, amekuja kutafuta dawa ya kichwa.

Walitoka kila mtu kwa wakati wake, kama walivyozoea. Miezi minane walikuwa wanapendana kwa kujificha, maana klabu ile ina midomo mingi kuliko wachezaji. Wakakutana upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa benki.

"Umesikia yote?" Karani aliuliza.

"Nimesikia. Asante kwa kunitetea, mpenzi. Ila usirudie."

"Nisirudie?"

"Unajichosha bure."

"Aliyechoka ni wewe. Hebu jitazame, umekonda mpaka shingo. Na jana je? Ijumaa ulinipigia mwenyewe, niko katikati ya kazi, kazi imejaa mezani, ukaniambia, 'Malkia wa mafaili, Jumapili nakuja kwenu kumwona mzee, mwambie ajiandae.' Baba akavaa shati la mikono mirefu tangu saa nne. Sikumwambia mgeni ni nani, nilimwambia tu kuna mgeni. Saa kumi akalivua mwenyewe, kifungo kimoja kimoja, bila kuniuliza kitu. Na simu yako umezima."

"Nisamehe."

"Nisamehe ndiyo nini? Kama umeghairi, sema. Mimi si msichana wa kuzungushwa, nina miaka thelathini na sita."

Kocha alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena haraka alipoona watu wanapita. Alionekana kama mtu aliyelala na viatu.

"Sijaghairi," alisema. "Ila bahasha ya ligi ikifika kesho, usiifungue. Niwekee mimi."

"Kufungua bahasha ndiyo kazi yangu."

"Hii moja tu. Tafadhali."

Akaondoka hata hajanunua dawa yake. Karani alibaki anautazama ule mgongo, moyo unamuuma. Alijisemea, huyu mwanamume amefungwa uwanjani na sasa anataka kunifungia mlango na mimi.

Haya, sasa niambie. Mwanamke umemwambia usifungue bahasha, wewe ulitegemea afanye nini?

Jumanne saa tatu asubuhi bahasha ilifika. Saa tatu na dakika moja ilikuwa wazi. Ofisi ya klabu ni chumba kimoja chini ya jukwaa, na watu wakipita juu vumbi linadondokea mafaili. Karani alipangusa meza, akamwaga karatasi. Hapakuwa na ajabu: ripoti ya mwamuzi, orodha ya wachezaji ambayo yeye mwenyewe aliichapa Ijumaa na Kocha akaisaini, na vikaratasi vitatu vya kubadili wachezaji vilivyojazwa kwa mkono wa Kocha. Kikaratasi cha mwisho, dakika ya sitini na nane, kilisema: *Atoke namba 17, Mbavu.*

Mbavu ndiye yule beki aliyekuwa anachechemea.

Karani alikisoma mara ya pili. Jezi mpya zilifika Alhamisi, kila mchezaji akachagua namba upya mbele ya meza hii hii. Aliyeikumbatia kumi na saba ni Fundi, kwa sababu mwanawe alizaliwa tarehe hiyo, na alisumbua mpaka akapewa. Mbavu alichukua kumi na moja. Akaivuta orodha taratibu, mkono hautaki. Kumi na moja, Fundi. Kumi na saba, Mbavu. Herufi nzuri, mistari imenyooka, na majina mawili yamebadilishana viti.

Ijumaa saa nane. Simu begani, vidole kwenye mashine, na sikioni mtu anamwambia anakuja kumwona mzee. Alikumbuka hata jinsi alivyokuwa anatabasamu.

Alipiga simu. Iliita mara moja tu.

"Umefungua," Kocha alisema, hata salamu hakuna.

"Ulitaka kumtoa Mbavu."

"Ndiyo. Paja lilikuwa limekufa. Namba yake mpya sikuikumbuka, nikatazama orodha, nikaandika. Mwamuzi wa akiba akanyanyua kibao, mara namwona Fundi anatoka, ananiporomoshea matusi. Nilifikiri kachanganyikiwa. Nilipoitazama tena karatasi, aliyempokea alishaingia."

"Na lilikuwa badiliko la mwisho."

"La mwisho."

Karani alikaa chini.

"Kwa hiyo siku tatu mji mzima unakuita matope, na mimi nazunguka na mdomo wangu nafundisha watu mbinu. Nimegombana na baba yangu! Mama mdogo hanisemeshi! Nasimama kwenye foleni natetea mbinu, kumbe mbinu yenyewe ni mimi!"

"Wangekufukuza kazi, mpenzi. Miaka kumi na moja uko pale. Mimi nimezoea kutukanwa, nusu ya kazi yangu ndiyo hiyo."

"Nani kakuambia nataka kubebwa mgongoni? Ungeniambia Jumamosi ile ile. Ningelia, ningekasirika, lakini ningejua. Wewe umeninyamazia, ukanizimia simu, nikaona umenichoka."

"Kukuchoka?" Kocha alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Nimechoka na kila kitu isipokuwa wewe. Jumapili nilifika mpaka kona ya mtaa wenu, nimevaa suti. Nikajiuliza, mzee akiniuliza habari ya Fundi nitamjibu nini? Nitaanzaje kuomba mke kwa uongo? Nikageuza."

Karani alimwona akilini, pale konani na suti yake, akageuza uso ukutani.

"Na kosa si lako peke yako," Kocha aliendelea. "Niliisaini bila kuisoma. Na ulipokuwa unaichapa, aliyekusumbua kwenye simu ni nani?"

"Usinigawie kosa kama mkate."

"Kesho kwenye kikao nitasema ni uamuzi wangu. Wakinifukuza, nitatafuta timu mji mwingine. Wewe andika tu muhtasari, yaishe. Sina nguvu ya kubishana na wewe pia."

Simu ikakatika. Karani alibaki na karatasi zake mbili. Akizirudisha kwenye bahasha, kiti chake cha ofisini kinabaki, Kocha anaondoka. Akizitoa, Kocha anabaki, kiti kinaondoka. Wala hakuwaza sana, nikwambie ukweli. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa anakipenda kile kiti.

Kikao kilianza Jumatano saa kumi. Mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye shati jeupe, alikuwa anajipepea na ratiba ya ligi. Wajumbe wanne walikaa upande mmoja, Kocha upande mwingine peke yake. Karani alikaa kwenye kimeza chake cha pembeni, kalamu mkononi, gauni lake la maua la sikukuu limenyooshwa pande zote. Alilivaa makusudi, kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa nadhifu.

"Kocha," Mwenyekiti alisema, "swali ni moja. Ulimtoa Fundi kwa nini?"

"Ulikuwa uamuzi wangu, Mwenyekiti. Nilitaka kuziba. Haukufanikiwa."

"Karani, andika hivyo."

"Siandiki," Karani alisema.

Ratiba ya ligi ikaacha kupepea.

"Karani," Kocha alisema polepole, "andika."

"Wewe nyamaza, umeshasema vya kutosha." Alisimama, akaweka kikaratasi na orodha mbele ya Mwenyekiti. "Aliandika Mbavu. Soma hapo. Namba ilikosewa kwenye orodha, na orodha nilichapa mimi. Hakuna mbinu, hakuna kuziba. Mtu alimtoa anayechechemea kama mtu yeyote mwenye macho, mimi nikamtolea Fundi."

"Na mimi nikasaini bila kusoma," Kocha alisema. "Na hilo liandikwe."

Mwenyekiti alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Miaka ishirini nafungwa uwanjani," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nafungwa ofisini."

Hakuna aliyecheka. Wakawatoa wote wawili nje, wakajifungia saa nzima. Uamuzi ulikuwa huu: Kocha abaki mpaka katikati ya msimu, waone. Karani aondoke ofisini, akasimamie stoo ya vifaa, ahesabu mipira na soksi, na karatasi yoyote yenye majina ya watu asiiguse. Na jambo hili lisitoke nje ya chumba kile. Wajumbe waliona heri mji uamini kocha hana akili kuliko ujue kwamba ofisi haijui nani kavaa namba gani.

Kwa hiyo matusi yaliendelea. Jumamosi wakacheza tena, Fundi ndani dakika zote, wakatoka sare ya bila kufungana, mechi ya kusinzisha. Baba yake Karani alizima redio kabla haijaisha, akasema yule kocha hata kuku hawezi kuwapanga.

"Kesho tuna mgeni, baba," Karani alimwambia.

"Yule yule wa juzi? Safari hii sivai shati."

Lakini alivaa. Saa nne Jumapili kengele ililia, na mlangoni akasimama Kocha, kanyoa, suti ya kijivu inamcheza mabegani, viatu vinang'aa. Macho yalikuwa bado mekundu ya uchovu. Mzee alimtazama kutoka viatuni kwenda juu, alipofika usoni akashika ukingo wa mlango.

"Huyu?"

"Ndiye huyu, baba."

"Shikamoo, mzee," Kocha alisema.

"Marahaba," mzee alijibu, maana adabu ni adabu hata kama roho haitaki. "Pita."

Chai ilimiminwa, ikapoa bila kunyweka. Kocha aliweka mikono magotini, akaanza. "Mzee, mimi sina maneno mengi. Nimekuja kukuomba mwanao. Nampenda, na nimechelewa kuja."

"Ngoja." Mzee alinyanyua mkono. Kopo la vidonge lilikuwa kwenye meza ndogo karibu na redio, akalisogeza pembeni ili amwone vizuri. "Hayo tutayafikia. Mimi kwanza nina swali langu, nimelala nalo siku nane. Kwa nini ulimtoa Fundi?"

Kocha alifungua mdomo. Karani alimjua, alijua kabisa kinachokuja: mbinu, kuziba, uamuzi wangu. Alijua pia kwamba wakianza hivi, maisha yao yote huyu mtu atakuwa anambeba na kunyamaza, anambeba na kunyamaza, mpaka siku amtue kwa uchovu.

"Nilimtoa mimi, baba," alisema.

Akaeleza yote. Jezi, Ijumaa, simu, kumi na saba, kiti chake ofisini, stoo. Sauti ilimkatika mara moja tu, alipofika kwenye kona ya mtaa na suti. Alipomaliza, mzee alimgeukia Kocha.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu dakika ya sitini na nane, mzee."

"Ukaacha watu wote wale wakuite vile?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nilikuita."

"Niliambiwa, mzee."

Mzee alinyanyua kikombe, akakumbuka kimepoa, akakirudisha. "Nilijipanga kukukatalia," alisema. "Sekunde ile ile nilipokuona mlangoni. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa. Mtu asiyeona beki anachechemea, nitampaje mwanangu?" Akashusha pumzi ndefu. "Sasa sina hata neno. Nimebaki na huyu, ambaye wiki nzima namwambia hajui mpira."

"Sijui, baba," Karani alisema, na machozi yakaja pamoja na kicheko. "Najua kuchapa tu."

"Hata kuchapa hujui!" Mzee akamnyooshea Kocha kidole. "Mchukue. Nimekubali. Lakini kadi za harusi na orodha ya wageni asichape huyu, sitaki kesho nikute nimeozesha mtoto wa jirani."

Kocha aliutafuta mkono wa Karani chini ya meza, kisha akautoa juu ya meza, mbele ya mzee, akaushika pale.

"Atachapa yeye, mzee," alisema. "Safari hii nitasoma kabla ya kusaini."